Msamaha Haulipi Kioo Kilichovunjwa



Mmoja wa wanaparokia wetu, mchuuzi wa maziwa, aliamka alfajiri akakuta pikapu yake imevunjwa kioo cha mbele na tairi zote nne zimekatwa kwa kisu. Mtendaji alionekana na watu wawili, wala hakuwa mgeni: ni jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mzee wetu alipiga ripoti polisi, kisha akaja kwetu. Nasi tukamsihi asamehe na kuiondoa kesi, maadamu wote wawili ni wa jumuiya moja. Alitii. Jirani akaomba radhi mbele ya wote, tukapiga makofi, tukanywa chai. Hadi leo mzee hajalipwa hata senti moja.

Tulikosea. Tunakiri hadharani kwa sababu tunajua kwamba viongozi wengi wa jumuiya hutoa ushauri kama ule wetu. Msamaha ni wa moyo wa aliyekosewa. Fidia ni deni la aliyekosa, na la kwanza halilifuti la pili. Zakayo hakuishia kusikitika, bali aliahidi kurudisha mara nne. Jambo hili tumelihubiri mara nyingi juu ya wezi wa ng'ombe, lakini tukalisahau lilipohusu gari, labda kwa kuwa twadhani kila mwenye gari ni tajiri. Pikapu ile ilinunuliwa kwa mkopo wa ushirika, na marejesho ya mkopo hayakungoja kioo kipya.

Sheria za Kenya haziuchukulii uharibifu wa namna hii kuwa mzaha. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba aharibuye mali kwa kusudi aweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini ieleweke vema: faini ikitozwa, huingia katika hazina ya serikali, si mfukoni mwa mwenye gari. Mahakama ina uwezo wa kumwamuru aliyehukumiwa amlipe fidia aliyedhurika, na mlalamikaji hana budi kumkumbusha mwendesha mashtaka aiombe. Bima ya lazima nayo haisaidii hapa, kwani huwalinda watu wengine wanaoumizwa na gari, si gari lenyewe. Mwenye bima kubwa na aisome hati yake.

Iko pia njia ya madai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka shauri likamilishwe katika siku 60. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Mahali ambapo haijafika, hakimu wa kawaida husikiliza. Cha muhimu ni ushahidi: namba ya ripoti katika kitabu cha matukio cha polisi, picha zilizopigwa kabla gari halijaguswa, majina ya walioona, makadirio ya fundi na risiti zake. Mzee wetu alikodi gari la kupelekea maziwa kwa majuma matatu. Gharama hiyo nayo hudaiwa, ila ithibitishwe kwa risiti. Na asiongeze chumvi. Adaiye kioo ambacho hakikuvunjwa amegeuka mdhulumu naye.

Wako wanaotaka njia ya mkato: kumpiga mtendaji, kumchomea nyumba, au kumwendea mganga. Hao hatuna la kuwaambia ila waache.

Hatusemi kwamba wazee wasipatanishe. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika ibara ya 159, yahimiza usuluhishi. Tunachosema ni kwamba mapatano yaandikwe: kiasi gani, kwa awamu ngapi, tarehe zipi, mashahidi nani, kisha pande zote zitie sahihi. Asiye na fedha na alipe kidogo kidogo, au kwa mbuzi, au kwa kazi, ikiwa mwenzake ameridhia. Kesi isiondolewe kabla ya hapo.

Sheria humpa aliyeharibiwa mali miaka 3 ya kufungua madai. Tairi zile zilikatwa miaka 2 na miezi 5 iliyopita. Jumamosi ijayo tutaketi tena na majirani hao wawili, safari hii tukiwa na karatasi, kalamu na risiti za fundi mezani, na tumemwomba katekista asiandae chai mpaka sahihi zitiwe.