Butura ya Vichezeo

Jamani, kuna ujanja umeingia mjini. Eti nunua boksi la LEGO, usilifungue, litie kabatini, ngoja kiwanda kiache kulitengeneza, kisha liuze kwa bei ya kuruka. Na hesabu wanazo! Utafiti wa wachumi wa Moscow ulikuta maboksi hayo yalizaa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka, kati ya 1987 na 2015.

Hesabu sibishani nayo. Lakini mimi mtu wa Karagwe, biashara hii naijua kwa jina: butura. Kahawa ingali maua mtini, mwenye pesa anamkuta mzee wa watu amebanwa na karo, anainunua yote kwa bei ya kutupa. Ikiiva, mzee anaitazama tu shambani mwake. Serikali ilipiga marufuku, haikukoma.

Utasema boksi la dukani halina mkulima wa kulia. Lina mtoto, bwana! Ole Kirk Christiansen alianza na vichezeo vya mbao kule Billund, Denmark, 1932, na jina LEGO likatoka katika maneno leg godt, yaani cheza vizuri. Siyo tunza vizuri.

Huko Kyerwa dogo anaunda gari la waya, magurudumu ya ndala kuukuu. Jioni limevunjika, kesho anaunda jingine. Nani atamwambia alifungie miaka kumi?

Mwenye kutaka faida akanunue hisa.