Kinyonga wa Elgon na Kabichi ya Kalerwe

Soko la Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, hulishwa kwa sehemu na nyanda za juu, ikiwemo miteremko ya mlima Elgon, na toleo hili linashikilia kwamba uchunguzi wa mijusi wa milimani hauna budi kuanzia katika mashamba yanayolilisha soko hilo, wala si ndani ya hifadhi peke yake. Anayezungumziwa ni kinyonga (ambaye, ingawa wengi humtenga, ni mjusi) aitwaye kitaalamu Trioceros hoehnelii, aliyeelezwa na Steindachner mwaka 1891. Huishi Elgon na katika nyanda za juu za Kenya, na hustawi vichakani, kwenye nyua na bustanini.

Mijusi hutegemea jua ili kupata joto la mwili, hivyo asubuhi ya mlimani huikuta misuli ya kinyonga ingali mizito, na bado mnyama huyu huwinda. Siri imo ulimini: msuli hujikaza kwanza na kuyavuta matabaka ya kolajeni, yaani nyuzi za protini zinyumbukazo, kisha nguvu iliyowekwa humo huachiliwa kwa ghafla mithili ya manati. Utafiti wa Anderson na Deban wa mwaka 2010, uliofanywa kwa kinyonga wa Yemen, ulionyesha kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi na nguvu ya kuurusha ulimi hupungua kwa asilimia 10 hadi 19 tu, ilhali kuurudisha, kazi ya msuli wenyewe, hudhoofika kwa zaidi ya asilimia 42.

Baridi, basi, si kikwazo kikubwa cha mlo wake; kikwazo kinachostahili kuhofiwa ni uhaba wa windo, kwa kuwa dawa inayopulizwa dhidi ya viwavi wa kabichi huua pia nzi na panzi wa kando ya shamba. Wala mlo wa kinyonga haubashiriki kutoka mbali: kinyonga wa Jackson, aliyepelekwa Hawaii kutoka Kenya mwaka 1972, amekutwa huko akila konokono adimu wa visiwa hivyo. Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere kilicho jirani na Kalerwe, wanapowahesabu vinyonga wa Elgon, waandike pia ni lini shamba la karibu lilipulizwa dawa, na dawa gani.