Kiini Kikizeeka, Kishikwambi Huwa Bubu

Mnamo mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikatolewa. Nikiwa hapa Chale, pwani ya Kwale, hujiuliza swali ambalo halikupewa uzito wakati ule: vifaa vya namna hii huishi miaka mingapi?

Vishikwambi vingi vya bei nafuu huendeshwa kwa Android, mfumo uliojengwa juu ya kiini cha Linux, kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini hicho ndicho kisemacho na betri, kioo na kamera kwa niaba ya programu nyingine zote. Basi ikiwa Linux hutolewa bure na kusahihishwa kila mara, mbona kishikwambi kikongwe hukataa programu mpya?

Jibu li katika ahadi isiyowafikia wote. Torvalds ameshikilia kwamba toleo jipya la kiini lisivunje programu zilizokuwa zikifanya kazi. Lakini draiva, wale wakalimani wanaokitafsiria kiini lugha ya kila chombo, hazimo katika ahadi hiyo. Sarufi yao ya ndani yaweza kubadilishwa wakati wowote. Mtengenezaji akiandika draiva kwa toleo moja, akazificha, akauza na kwenda zake, kifaa hufungwa kwenye toleo hilo. Android mpya haikifikii, nazo programu mpya hudai Android mpya. Toleo 4.4 la kiini, lililotolewa Januari 2016, liliachwa na watunzaji wake wa kawaida mwaka 2022.

Kosa, basi, si la mwalimu wala la mwanafunzi. Ni la mkataba unaohesabu vifaa bila kuhesabu miaka. Zabuni zijazo zitaje muda wa masahihisho, na zidai draiva ziwekwe wazi katika hazina kuu ya Linux ili yeyote aweze kuziendeleza. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta vilishiriki katika kuviandaa vifaa vya mpango ule. Wahandisi wetu wakipewa msimbo, wataweza pia kuvitunza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu utalipiwa na mtoto wa maskini, ambaye kishikwambi cha shule ndicho kompyuta yake ya pekee.