Neno la Juma Hili: Kuzizima

Baridi ina daraja zake. Maji ya mtungi ni baridi. Bali yale yaumizayo meno, hayo yanazizima. Kuzizima ndiko kuwa baridi mno. Kilele cha Ruwenzori, chenye theluji na kimo cha mita 5109, kinazizima. Sisi wa Kindu, kando ya Lualaba, twaweza kudhani kwamba neno hili si letu, kwa kuwa twaishi penye joto. Sivyo. Mtoto mchanga aliyelowa huweza kuzizima hata hapa kwetu. Joto la mwili wake lisishuke chini ya digrii 36.5. Basi, enyi wazazi, mkausheni upesi, mlazeni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mfunikeni kichwa. Akiwa bado anazizima, msingoje mapambazuko: mpelekeni kwenye kituo cha afya.