Mtupaji wa ‘siku zake’: Usimtoe kwa sababu amekosa

KILA timu ya kikapu inaye mmoja: jamaa ambaye leo akitupa ni nyavu tu, kesho hata ubao haugusi. Makocha wa vyuo vya Marekani huumizwa kichwa na watu wa aina hii. Aanze? Akae benchi? Aambiwe apunguze mitupo?

Jack Gohlke wa Chuo Kikuu cha Oakland, timu ndogo ya jimbo la Michigan, ni mfano mzuri. Alitua pale msimu wa 2023/24 akitokea Hillsdale, chuo cha daraja la pili, na kazi yake ilikuwa moja: kutupa kutoka nje ya mstari. Hadi mashindano ya NCAA yanaanza, alikuwa amejaribu mitupo ya pointi mbili minane tu msimu mzima. Ya pointi tatu ilizidi 300!

Machi 21, 2024, Oakland wakakutana na Kentucky, vigogo wenye mataji manane. Gohlke alitokea benchi akafunga mitupo 10 ya pointi tatu kati ya 20, saba ikiwa kipindi cha kwanza. Akamaliza na pointi 32, Oakland wakashinda 80-76 na Kentucky wakafungasha virago.

Siku mbili baadaye, mbele ya NC State, akafunga sita kati ya 17. Oakland wakalala 79-73 katika dakika za nyongeza, safari ikaishia hapo.

Ukitazama haraka utasema moto ulizimika. Lakini piga hesabu. Mitupo sita ya pointi tatu ni pointi 18. Kuzipata kwa mitupo ya pointi mbili, lazima ufunge tisa kati ya hiyo 17, yaani zaidi ya nusu. Hao si wengi. Kwa hiyo hata usiku wake ‘mbaya’ haukuwa hasara.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye jina lake. Beki anayemkaba Gohlke hathubutu kumwacha akasaidie chini ya kikapu. Usiku huohuo, mwenzake Trey Townsend, anayepambana zaidi ndani, alipiga pointi 30.

Na hilo suala la mchezaji ‘kuwaka’? Mwaka 1985 watafiti Gilovich, Vallone na Tversky walisema ni macho yetu tu yanatudanganya. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kwamba hesabu ile ilikuwa na kasoro. Ubishi bado upo, na kocha hawezi kupanga timu kwa kuusubiri uishe.

Anachoweza kufanya ni kuangalia aina ya mtupo badala ya matokeo yake. Akikosa mara nne akiwa huru, miguu imetulia, abaki uwanjani. Akianza kulazimisha huku mikono ya beki iko usoni, au wapinzani wakigundua kwamba yeye ndiye njia ya kupita wanaposhambulia, hapo apumzike.

Kocha Greg Kampe, aliyeinoa Oakland tangu 1984, alimwacha kijana wake atupe. Angemtoa kila anapokosa mara mbili, ule usiku wa Kentucky usingekuwepo. Mtu wa namna hii akishaanza kutupa huku anachungulia benchi, hata ile siku yake haitafika.