Mbagala, Gongo la Mboto, na sasa Brazzaville: zamu inayofuata ni ya nani?

Ndugu zangu, Jumapili ya Machi 4, 2012, wengi wetu tulikuwa vijiweni tukibishana mambo ya mpira. Wakati huohuo Brazzaville, ile Congo nyingine ya ng'ambo ya mto, ghala la silaha katika kambi ya Mpila lilikuwa linalipuka katikati ya mji. Nyumba na makanisa yameanguka juu ya watu. Zaidi ya 200 walikufa.

Jumatatu asubuhi Mtaa wa Kongo ulikuwa kama kawaida, spika zinapiga kelele, wapagazi wanapita na viroba kichwani. Ila mama mmoja anayeuza vitenge jirani na meza yangu, mkazi wa Mbagala Kizuiani, alisikiliza taarifa ya redio mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, wanangu mimi wakisikia radi mpaka leo wanaingia uvunguni."

Miaka mitatu hiyo. Aprili 29, 2009, kambi ya 671 KJ Mbagala. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakaumia, maelfu ya nyumba zikaharibika. Tukaambiwa ni ajali. Haikufika miaka miwili, usiku wa Februari 16, 2011, ikawa zamu ya 511 KJ Gongo la Mboto. Nilikuwa Buguruni usiku ule. Mbingu ilikuwa nyekundu, mabati yanatetemeka, na watu wanakuja kwa miguu toka uwanja wa ndege, wengine na kanga moja tu, wengine wamebeba mtoto ambaye si wao. Maelfu walilala Uwanja wa Uhuru. Kesho yake Waziri Mkuu Pinda akasimama bungeni Dodoma kusema maghala 23 yameteketea. Ishirini na tatu! Hivi nani aliyekuwa anajua kwamba tunalala na maghala 23 ya mabomu ukutani?

Sasa nisikilizeni, nitazunguka kidogo.

Nina jamaa yangu anaishi Marekani. Huko kuna watu ambao burudani yao ni kujitengenezea risasi nyumbani. Wanaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wanayasafisha, wanaweka fataki mpya, wanapima baruti, wanabana kichwa cha risasi juu. Kwao ni kama sisi na bao. Jirani wa huyu jamaa ni mmoja wao, mzee mstaafu, chumba chake kiko nyuma ya gereji. Jamaa alipotaka kuingia kuangalia, kwanza aliambiwa azime sigara na kuiacha nje. Mezani panakaa kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, kwa sababu ukichanganya aina mbili huna bunduki tena, una bomu mkononi. Kila kipimo kinapita kwenye mizani. Baruti inabaki ndani ya kopo lake lenye jina, haihamishiwi kwenye chupa ya soda. Na kabati lake ni la mbao. Jamaa akauliza kwa nini asinunue la chuma lenye kufuli kubwa. Mzee akacheka: baruti ikishika moto ndani ya mbao, mbao zitapasuka mapema na moto utatoka, ukiifungia ndani ya chuma, umeipa nguvu ya kukuua.

Tena kuna hili, na ndilo lililonitoa usingizi. Mzee anafungua makopo yake mara kwa mara na kunusa. Baruti ya kisasa inazeeka. Ndani yake wanatia kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo inakwisha taratibu, inakwisha haraka zaidi penye joto. Ikikwisha, baruti inaanza kujioza na kujipasha moto yenyewe. Harufu inakuwa kali ya kuchoma pua, na ikizidi unaona moshi mwekundu wa kahawia. Hapo inatolewa ndani ya nyumba siku hiyohiyo.

Msidhani wote wako hivyo. Jamaa anasema wapo wazembe, wanaopima baruti huku wanaangalia mpira kwenye televisheni, na ukiwaambia wanakujibu, "Nimefanya hivi miaka 20 sijawahi kuungua." Mmoja wa hao ana vidole vitatu mkono wa kulia. Lakini oneni tofauti: uzembe wake ameulipia kwa vidole vyake mwenyewe.

Hata huku kwetu, mwindaji wa kijijini mwenye gobore, asiyejua kusoma, hahifadhi baruti karibu na mafiga. Na huyo akikamatwa na gobore lake bila kibali anapelekwa mahakamani asubuhi na mapema. Serikali inayohifadhi tani kwa tani za mabomu karibu na madarasa ya watoto, inapelekwa wapi?

Tungekuwa hatujaonywa ningenyamaza. Lakini Januari 27, 2002, ghala la Ikeja, Lagos, liliua zaidi ya watu 1,000, wengi wao walizama mferejini wakikimbia. Machi 22, 2007, hapa Msumbiji tu, jirani yetu wa mpaka, ghala la Malhazine jijini Maputo lililipuka likaua zaidi ya 100. Huko ilizungumzwa wazi: silaha kuukuu, na joto. Dar hatuna joto? Mwezi huu wa Machi geti la duka Msimbazi huligusi kwa mkono mtupu ikifika saa nane mchana. Kati ya Maputo na Mbagala kulikuwa na miaka miwili kamili ya kufungua milango na kunusa makopo. Kati ya Mbagala na Gongo la Mboto kulikuwa na mwaka na miezi tisa.

Najua majibu yao, nimeyasikia mpaka kwenye daladala. La kwanza, eti wananchi wamevamia maeneo ya jeshi. Jamani! Nani aliyegawa viwanja? Nani aliyejenga shule, akapitisha nguzo za umeme, akaandikisha wapiga kura na kufungua matawi ya chama chake palepale? Siku ya kampeni sisi ni wananchi watukufu, siku ya bomu ni wavamizi.

La pili, eti ni siri ya jeshi. Hatuulizi tuna vifaru vingapi, na askari wa JWTZ ni kaka zetu. Waliokuwa zamu ndani ya kambi ndio wa kwanza kufa. Tunauliza baruti ina umri gani, mara ya mwisho ilipimwa lini, na iko mita ngapi toka kitanda cha mtoto. Adui gani atafaidika kwa kujua kwamba bomu bovu limeharibiwa?

La tatu, tume imeundwa. Ripoti ya Mbagala, nani kati yenu ameishika mkononi akaisoma? Waathirika wenyewe bado wanalalamikia fidia.

Na waziri? Dk. Hussein Mwinyi alikuwa Waziri wa Ulinzi Mbagala ilipolipuka. Alikuwa Waziri wa Ulinzi Gongo la Mboto ilipolipuka. Machi 2012, Brazzaville ilipolipuka, bado alikuwa Waziri wa Ulinzi. Sisemi alibeba kiberiti. Baba yake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, naye hakumgusa mtu kule Shinyanga miaka ya 1970. Watu walikufa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake ya Mambo ya Ndani, naye akajiuzulu. Baadaye akawa Rais wa nchi hii. Kwa hiyo kujiuzulu hakuui mtu. Kinachoua tunakijua.

Hapa niwageukie na nyinyi wenzangu, kwa sababu uzembe haukai ikulu peke yake. Pale Gerezani kwenye vyuma chakavu, mwaka jana baada ya Gongo la Mboto, nilimwona kijana na kipande cha shaba kizito, ana nyundo mkononi, anataka kukipasua apate uzito wa kuuza. Nilimuuliza kimetoka wapi. "Shambani kwa mjomba, Pugu." Nilimwambia aweke chini taratibu na tuondoke wote, alinitukana, halafu aliondoka. Askari walikuja wakakichukua. Kijana yule alikuwa anatafuta elfu tatu. Ukiona chuma usichokielewa, iwe Mbagala, Ukonga au Pugu, usikiguse, usikipige teke, usikirushie jiwe, zuia watoto, ita mjumbe na polisi. Siyo siasa hiyo.

Wengine mnasema Kariakoo tuko mbali na kambi. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita kuu ya kwanza, Carrier Corps. Babu zetu walibeba risasi za watu vichwani na wengi hawakurudi. Leo nusu ya wanaouza hapa hupanda daladala jioni kwenda Mbagala na Gongo la Mboto. Na Mpila ilikuwa katikati ya mji.

Bunge linakaa Dodoma mwezi ujao. Wabunge wetu tumewapa maswali: ripoti zote mbili ziwekwe mezani, kila ghala lililo karibu na makazi litajwe litahamishwa lini, mabomu yaliyokwisha muda yaharibiwe mbele ya kamati ya Bunge. Matawi ya Temeke na Ilala yanaandika majina ya kaya ambazo hazijalipwa. Fomu ziko kwa makatibu wa kata tangu jana, na yule mama wa vitenge ameshajaza ya kwake.