Bunduki ya gemu ijifunze kwa bunduki ya mti



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana na wazazi wa hapa Singida. Jambo lenyewe ni gemu za bunduki wanazocheza vijana wetu katika vibanda na kwenye simu zao.

Vibanda vya gemu sasa si kitu kigeni katika miji ya mkoa wetu. Kijana asiye na pesa ya kibanda hucheza Free Fire au PUBG Mobile kwenye simu, maadamu bando lipo. Wazee wanalalamika kwamba gemu hizi zitawageuza watoto wetu kuwa majambazi. Vijana wanajibu kwamba huo ni mchezo tu, kama ulivyo mpira wa miguu. Mimi sikubaliani na wazee moja kwa moja, wala sikubaliani na vijana.

Kwa upande wa wazee, napenda kuwakumbusha kwamba jambo hili limechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kuwa upo uhusiano mdogo kati ya gemu za mapigano na tabia za ugomvi, lakini ushahidi hautoshi kusema kwamba gemu hizo ndizo zinazoleta vitendo vya ukatili mkubwa. Kwa hiyo si haki kumwita mtoto jambazi kwa sababu amekaa kibandani.

Lakini vijana nao wasituambie kwamba ni mchezo tu. Mchezo wowote unaorudiwa kila siku hufundisha kitu. Bao hufundisha kuhesabu na kutazama mbele. Mpira hufundisha kumpasia mwenzako. Basi swali ambalo sisi wazazi tungepaswa kuuliza ni hili: gemu ya bunduki inamfundisha kijana nini juu ya bunduki yenyewe?

Ukitazama gemu zile zinazopendwa sana, utaona bunduki isiyo na adabu hata kidogo. Kijana anabonyeza mahali pamoja na bunduki inajaa risasi. Magazini iliyobaki na risasi kumi inatupwa, lakini zile risasi kumi zinarudi zenyewe katika hesabu yake. Bunduki haikwami hata ikizama matopeni. Mwenzako anaelekezewa mtutu usoni kwa utani, na hakuna lolote linalotokea. Aliyepigwa risasi hutumia dawa kwa sekunde chache kisha akaendelea kukimbia. Hayo ndiyo masomo, na kijana anayarudia mara mia kwa siku.

Sasa naomba wasomaji wenzangu tukumbuke mafunzo ya mgambo. Baada ya TANU kutoa Mwongozo wake mwaka 1971, wananchi katika mikoa yote walifundishwa ulinzi wa taifa lao, na Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, wengi wa waliokwenda kumng'oa walitoka katika mgambo. Sisi tuliopitia mafunzo hayo twaijua bunduki ya mti. Ni kipande cha mti kilichochongwa, hakina chemba wala risasi, na hakiwezi kumwua hata kuku. Hata hivyo mkufunzi hakukubali uiburuze. Hakukubali uitupe chini ovyo. Ukiielekeza kwa mwenzako, hata kwa bahati mbaya, uliruka kichura mpaka magoti yakalia.

Wapo waliocheka na kusema kwamba tunasumbuliwa kwa ajili ya kuni. Lakini mkufunzi alijua alilokuwa analifanya. Mkono haujui tofauti ya mti na chuma. Unajua kile ulichozoeshwa. Aliyezoea kuelekeza mti chini ataelekeza na bunduki chini siku atakapopewa ya kweli. Kwa maneno mengine, bunduki ya mti nayo ilikuwa mchezo wa kuigiza, ila ni mchezo ulioiga uangalifu kwanza, na kupiga kukafuata baadaye.

Natoa mfano huo kwa sababu wapo watu duniani waliojaribu kutengeneza gemu kwa fikra hiyo hiyo. Ipo gemu iitwayo Receiver, iliyotolewa mwaka 2012 na Wolfire Games, kampuni ndogo ya Marekani. Ile ya kwanza waliitengeneza kwa siku 7 tu, kwa ajili ya shindano la watengenezaji wa gemu za namna hiyo. Ya pili, Receiver 2, ilitoka mwaka 2020. Katika gemu hiyo mchezaji haoni mwili wake, bali huona mbele ya macho yake bastola peke yake, na kila sehemu ya bastola ina kitufe chake.

Mchezaji huyo hana njia ya mkato. Lazima achomoe magazini, aingize risasi moja baada ya nyingine, airudishe magazini mahali pake, avute sehemu ya juu ya bastola ili risasi iingie chembani, afungue kizuizi cha usalama, ndipo apige. Akisahau hatua moja, bastola hailii. Akitaka kujua kama mna risasi chembani, lazima avute kidogo na kuchungulia. Katika toleo la pili bastola huweza kukwama, na ni juu yake kutambua imekwama kwa namna gani. Na akiichomeka kiunoni kwa pupa huku risasi imo chembani na usalama umefunguliwa, anaweza kujipiga mguu mwenyewe. Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba maadui wa gemu hiyo si watu. Ni mitambo ya bunduki inayojigeuza yenyewe, na vyombo vidogo vinavyoruka hewani.

Sisemi kwamba gemu hiyo wapewe watoto. Ina mambo mazito ambayo ni ya watu wazima. Ninachosema ni kwamba mafundi wachache, wasio na fedha nyingi, wameonyesha kuwa inawezekana kutengeneza gemu ambayo ndani yake bunduki inamdai mchezaji uangalifu kabla ya kumpa ushindi.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema: kama gemu inamfundisha kijana kila hatua ya bastola, je, si tunamfundisha jambazi kazi yake? Hoja hiyo ni ya haki na inastahili jibu. Jibu langu ni kwamba jambazi hazuiliwi na kutojua kujaza magazini. Jambo hilo anaweza kuonyeshwa na mwenzake kwa dakika chache. Anachokosa jambazi ni kuheshimu uhai. Tena gemu, hata iwe ya kweli namna gani, haina uzito wa chuma begani, haina kishindo cha kitako, wala haina kilio cha mtu aliyejeruhiwa. Kwa hiyo haiwezi kumfanya mtu kuwa askari. Inachoweza kufanya ni kumzoesha mtu fikra, ama fikra kwamba bunduki ni kitu cha kuchezea, ama fikra kwamba bunduki ni kitu cha kuogopewa na kushikwa kwa utaratibu. Kati ya hizo mbili, sioni mzazi atakayechagua ya kwanza.

Mhariri anaweza kujiuliza kwa nini jambo hili limsumbue mtu wa Singida, mkoa wa alizeti na vitunguu. Ninazo sababu mbili.

Kwanza ni gobore. Upande wa Manyoni na Itigi tunapakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na misafara ya zamani iliyokwenda Tabora ilipita katika nyika ile ya Mgunda Mkali ikiwa na magobore. Silaha hiyo haikuja jana. Gobore haina magazini ya kuchomoa. Ikishashindiliwa baruti na gololi, risasi yake imo humo humo mpaka ipigwe, au izibuliwe kwa kazi kubwa. Tena fataki inaweza kulia na baruti isiwake mara moja, kisha ikalipuka baada ya kitambo. Wawindaji wa zamani walijua kungoja huku mtutu umeelekezwa mahali pasipo na mtu. Lakini kijana aliyelelewa na bunduki ya simu anajua kwamba bunduki isiyolia ni bunduki tupu. Mpe huyo gobore iliyosahauliwa nyuma ya mlango, naye atachungulia mdomo wa mtutu aone kuna nini. Waswahili husema mtoto akililia wembe mpe. Wembe utamkata kidole na kidole kitapona. Gobore haitoi nafasi ya kupona.

Kumiliki silaha bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Serikali haikutaka tu kuwafunga watu. Katika miezi ya Septemba na Oktoba mwaka 2022 ilitoa msamaha kwa kila atakayesalimisha silaha haramu kwa hiari. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini msamaha huondoa silaha nyumbani, hauondoi mazoea mabaya kichwani. Yapo pia majumba yenye silaha za halali, na humo nako wamo watoto.

Pili ni walinzi. Kijana wetu akimaliza mafunzo ya mgambo, ajira iliyo karibu ni ulinzi. Anapewa bunduki na kusimamishwa mbele ya benki, duka la jumla au kituo cha mafuta. Nani kati yetu hajamwona mlinzi aliyechoka akiegemeza kidevu juu ya mtutu kama mchungaji juu ya fimbo yake? Nani hajamwona aliyepakiwa kwenye bodaboda, bunduki imelala mapajani, mtutu ukiwatazama wapita njia? Sitaji kampuni wala mtu, kwa maana si tatizo la mmoja. Kijana huyo hakosi akili. Amekosa mazoea, kwa sababu majuma machache ya bunduki ya mti yalifuatwa na miaka mingi ya bunduki ya kibandani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Wenye vibanda waache kuwapokea watoto wadogo kwenye gemu za bunduki, na wasipokee mwanafunzi yeyote saa za masomo. Serikali za mitaa zinaweza kusimamia hilo bila kufunga kibanda cha mtu, maana kibanda nacho ni riziki ya kijana.

Wazazi tusiishie kugomba. Tukae na mtoto japo mara moja, tuitazame hiyo gemu, tumwambie hapa wamesema kweli na hapa wamedanganya. Tumfundishe mambo manne ambayo kila mkufunzi huyasema: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua kupiga, na ujue ni nini kilichopo mbele ya shabaha yako na nyuma yake.

Washauri wa mgambo katika wilaya, pamoja na makampuni ya ulinzi, wasiione bunduki ya mti kuwa jambo la kizamani. Risasi ni ghali, lakini kushika silaha vizuri hakugharimu risasi hata moja. Mlinzi arudishwe kwenye mazoezi hayo kila baada ya muda, hata kama amefanya kazi miaka kumi.

Na mwisho, nawaomba vijana wetu wanaosomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko, watutengenezee gemu yetu kwa Kiswahili. Iwe ya askari wa wanyamapori katika pori kama Rungwa, ambaye kazi yake kubwa ni kufuata nyayo, kutegua mitego na kurudi salama, na ambaye silaha yake inamtaka akumbuke kila hatua. Apewe alama kwa risasi ambayo hakuipiga. Kama watu wachache waliweza kuanza kwa siku 7, vijana wetu hawatashindwa kwa mwaka mmoja.

Kupiga marufuku ni rahisi kutamka, lakini simu imo mfukoni mwa kila kijana na hakuna mgambo wa kuisimamia usiku kucha. Kazi iliyo mbele yetu ni kuhakikisha kwamba kila bunduki anayoishika mtoto wetu, iwe ya mti, ya gemu au ya chuma, inamfundisha jambo moja lile lile: kutazama kwanza mtutu umeelekea wapi.



Mwananchi,
Singida